Mboga pwani: chumvi yake, upishi wake na dawa inayosemwa

SWALI: Shikamoo. Nimeolewa Tanga, na mama mkwe wangu ni Mpemba. Hupika mboga pwani kwa nazi, tamu mpaka mtu analamba sahani. Nilipojaribu mwenyewe ikawa chumvi tupu, tukaimwaga, na kumwuliza tena naona haya. Sasa sijui kama nilichuma siyo au nilipika vibaya. Pia baba mkwe ana presha, na jirani anasema mboga hii inaishusha, tena eti inatibu mtu aliyechomwa na mwiba wa samaki taa. Ni kweli? Na je, inakubali kupandwa nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa ulivyoeleza, ulichochuma huenda ndicho chenyewe na kosa lilikuwa sufuriani. Lakini nianze na baba mkwe, maana la kwake halingoji: mwenye presha asipewe mboga pwani kama dawa. Mmea huu unaweka akiba ya chumvi ndani ya majani yake, na chumvi ndiyo kitu cha kwanza anachokatazwa kliniki. Maelezo yatakuja huko chini. Kwa leo mpikie mchicha.

Jina lake la kitaalamu ni Sesuvium portulacastrum. Wengine huuita mboga ya pwani, wengine mboga ya taa. Unatambaa juu ya mchanga pale maji ya bamvua yanapokomea, kando ya mikoko, kwenye mabwawa ya chumvi na katika nyufa za mawe ya matumbawe. Si wa kwetu peke yetu. Fukwe za joto karibu dunia nzima unazo.

Ukiielewa chumvi yake, mengine yote yanaeleweka. Mizizi imekaa katika maji ya bahari, ambayo kila lita ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji hufuata palipo na uzito zaidi wa chumvi na vitu vilivyoyeyuka, kwa hiyo ili yapande juu ni lazima utomvu wa jani uwe mzito kuliko maji ya chini. Mchu, ule mkoko wa majani ya kijivu kwa chini, huingiza chumvi kisha huitoa juu ya jani. Ukiulamba wakati wa jua kali utaikuta imeganda kama unga. Mboga pwani haina matundu ya kutolea namna hiyo. Yenyewe huifungia chumvi katika vifuko vilivyo ndani ya kila chembe hai (seli) ya jani, kisha jani hunenepa kwa maji ili kuizimua. Ndiyo maana limejaa, linang'aa na linapasuka likibanwa. Unapolitia sufuriani unatia maji ya bahari yaliyofungwa kwenye ngozi.

Sasa kuitambua. Shika shina moja ulitazame kwa karibu. Ni nene kiasi, laini, mara nyingi jekundu au la kijani chenye wekundu, na kila kifundo kinachogusa mchanga kimeota mizizi. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanalingana ukubwa, marefu kuliko mapana, ya sentimita 2 hadi 7, hayana vinyweleo na yamejaa nyama. Ua hutoka moja moja kwenye kwapa la jani, na lina kikonyo chake kifupi. Lina ncha tano, ndani waridi, mgongoni kijani, katikati nyuzi nyingi za chavua, za rangi hiyo hiyo ya waridi. Kwa kweli hizo ncha si petali. Ni vikombe vya ua vilivyogeuka rangi kwa ndani. Tunda ni kikopo kidogo kinachofunguka kwa kifuniko, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa. Ua lenyewe hufunguka saa chache tu kwa siku, jua likiwa limepanda. Ukienda jioni ukakosa maua, usidhani umekosea mmea.

Inayofanana nayo ni mitatu ya kuangalia. Wa kwanza ni Portulaca ya bustanini, yenye maua ya njano na majani mapana kuelekea nchani. Huo unaliwa pia, hauna neno. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kitaalamu ya mimea, aliiweka mboga pwani katika kundi la Portulaca mwaka 1753, akaihamisha mwaka 1759, basi mtu wa kawaida akiichanganya tusimcheke.

Wa pili ndio wa kukwepa: Trianthema portulacastrum, unaopenda viwanja vitupu na mashamba ya karibu na pwani. Majani yake ni ya mviringo, na katika kila jozi moja ni kubwa na jingine dogo. Ua halina kikonyo. Limezama kwenye ala ya jani kama limefichwa mfukoni. Wapo wanaokula machipukizi yake, lakini majani makuukuu yanajulikana kwa kuharisha.

Wa tatu ni Suaeda, jirani yake kwenye tambarare za chumvi. Majani yake ni membamba kama vijiti na maua ni vitone vya kijani visivyo na waridi yoyote.

Kisha kuna kipimo cha jumla: kata shina. Mboga pwani hutoa maji meupe ya kuona ng'ambo. Ukiona utomvu kama maziwa, hiyo si yenyewe. Iache, maana mimea mingi ya maziwa huwasha kinywa na macho.

Mahali pa kuchuma pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mmea unaofyonza chumvi hufyonza na madini mazito yaliyo katika tope, kama risasi na kadimiamu. Watafiti wameupima hata kama njia ya kusafisha udongo uliochafuliwa. Usichume kwenye milango ya mito inayopita viwandani na mijini, mfano Msimbazi kule Dar es Salaam, wala karibu na gati, gereji za boti, mifereji ya maji machafu au jalala. Sumu ya namna hiyo haiondoki kwa kuosha, kwa sababu haipo juu ya jani. Tafuta ufuo safi, upande wa juu, pale mawimbi yanaporuka mara chache. Majani ya huko huwa mapana na ya kijani. Yale ya kwenye tambarare kavu iliyoganda chumvi huwa madogo, mekundu na magumu, na hata ukiyachemsha mara tatu hayana raha.

Kata ncha laini za urefu wa kidole, kwa mkasi au kisu, kabla ua halijazeeka. Usivute. Ukivuta unang'oa mashina yenye mizizi ya vifundoni, unabeba mchanga usiokwisha jikoni, na unaufungua ufuo: mmea huu ndio unaoshika mchanga ukajenga vile vilima vidogo vya mchanga juu ya mstari wa maji.

Tuje sufuriani. Wanaoshindwa wengi hutia majani kwenye maji kidogo kama wanavyofanya kwa mchicha, wanafunika, halafu wanaonja. Wengine wanajua kwamba maji yamwagwe, ila huchemsha mara moja tu katika sufuria kubwa. Angalia hesabu. Majani nusu kilo ni maji karibu yote. Ukiyatia kwenye lita 4 na chumvi ikapata muda wa kutoka na kusambaa, ndani ya majani hubaki sehemu moja ya tisa. Ukizigawa zile lita 4 mara mbili, yaani lita 2, umwage, kisha lita 2 nyingine, mara ya kwanza hubaki moja ya tano, na mara ya pili moja ya tano ya hiyo, yaani moja ya ishirini na tano. Maji ni yale yale, kuni zinaongezeka kidogo, na chumvi inapungua karibu mara tatu zaidi. Nadhani hapo ndipo mama mkwe anapokushinda.

Kwa watu wanne anza na nusu kilo ya ncha zilizochambuliwa. Zioshe katika beseni, si chini ya bomba: zitie, zitikise, ziinue kwa mikono miwili, maji yenye mchanga yabaki chini. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie chembe. Kisha zikate vipande vya sentimita 2 au 3. Kukata kabla ya kuchemsha kunafungua njia ya chumvi. Jani zima lina ngozi nene na huitoa polepole. Usikatekate sana kama kisamvu, litageuka uji.

Chemsha lita 2 za maji kwanza, yakitokota ndipo utie mboga. Usifunike. Dakika 5, chuja, mwaga maji yote. Rudisha lita 2 nyingine zinazotokota, dakika 5 tena, chuja. Onja kipande kimoja kikiwa kimepoa, kwa sababu kitu cha moto huficha chumvi. Kinapaswa kuwa na chumvi kama mboga iliyoungwa tayari au pungufu. Ikiwa bado inakuzidi, maji ya tatu, dakika 3. Wengi huhitaji mara mbili, na mara ya tatu ni kwa yale majani ya mabwawa ya chumvi. Baada ya hapo ikamue kwa kiganja kama unavyokamua sponji, bila kuiponda.

Magadi usitie. Yanalainisha, ndiyo, lakini yanaiteleza kama bamia na yenyewe ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, juu ya sodiamu.

Nazi moja: kamua tui zito robo tatu ya kikombe, kisha tui jepesi kikombe kimoja. Kaanga kitunguu maji kimoja kwa kijiko cha mafuta, tia punje 2 za kitunguu saumu na nyanya 2 zilizokatwakatwa, ziache ziive hadi mafuta yaonekane pembeni. Mimina tui jepesi, likichemka tia mboga, dakika 5. Punguza moto, mimina tui zito na ukoroge upande mmoja bila kuacha mpaka litokote taratibu. Dakika 3 zinatosha. Moto mkali au kuacha kukoroga ndiko kunakokata tui, likabaki mafuta juu na maji chini. Ndimu, kama mnaipenda, ikamuliwe sufuria ikishaipuliwa.

Chumvi haitiwi popote katika hayo yote. Ionjwe mwisho, na kwa kawaida hakuna haja. Mtego mwingine ni kitoweo. Mboga pwani inakwenda vizuri sana na ng'onda au papa mkavu, lakini hivyo vimekwisha tiwa chumvi. Viloweke na kuvichemsha peke yake, mwaga maji, ndipo uvichanganye. Ukivitia vikavu moja kwa moja, kazi yote ya maji mawili imepotea. Kamba wabichi au dagaa wasio na chumvi ni rahisi zaidi.

Ufilipino huiita dampalit na kuitia katika achari. Kuna hata mtaa wa Malabon, kando ya Manila, unaobeba jina hilo. Ukitaka kujaribu, chemsha kwa maji mawili kama ilivyoelezwa lakini dakika 2 tu kila mara, ipange kwenye chupa safi na vipande vya tangawizi, karoti na pilipili, mimina siki iliyochemshwa na sukari kidogo, ifunike kabisa na uiweke kwenye friji. Itakuwa tayari baada ya siku mbili. Inabaki na mkwaruzo mzuri mdomoni ambao kwenye tui unapotea.

Sasa dawa. Presha kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka vyakula vyote. Tuchukulie, kwa hesabu tu, kwamba utomvu wa majani una chumvi sawa na bahari. Nusu kilo itakuwa na gramu kama 17. Mgonjwa aliyeambiwa atafune majani mabichi kila asubuhi, au anywe maji yaliyochemshiwa mboga "kwa kuwa ndiyo yenye dawa", anakunywa kile kile kinachompandisha. Hayo maji ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote. Mboga iliyotolewa maji mawili vizuri ni jambo jingine: kwa hesabu hiyo hiyo, sufuria nzima inabaki na pungufu ya gramu moja. Baba mkwe akiionja vijiko viwili mezani pamoja na wenzake, na daktari wake hajamkataza, si balaa. Asiache vidonge kwa ajili yake, basi. Mwenye ugonjwa wa figo asile kabisa bila ruhusa ya daktari, na aliyewahi kupata mawe ya figo naye ajihadhari, kwani mimea ya ukoo huu ina oksaleti, kitu kinachochangia mawe hayo.

Mwiba wa taa. Ni kweli kwamba wavuvi wa pwani hii hutumia majani yake: hupondwa mabichi na maji yake kukamuliwa juu ya jeraha la mwiba wa samaki mwenye sumu, na pia kuzuia damu. Katika maabara mafuta ya majani yameonekana kuzuia baadhi ya bakteria. Lakini maabara si kidonda, na mwiba wa taa una hatari mbili ambazo jani halizifikii: sumu iliyoingia ndani ya nyama, na vipande vya mwiba vilivyobaki humo.

Sumu ya taa huharibiwa na joto. Kwa hiyo mtu akichomwa mguuni, osha jeraha kwa maji safi kutoa mchanga, kisha tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, takriban nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto kila yanapopoa. Maji yapimwe na mtu mwingine kwa mkono wake, au kwa mguu wa mgonjwa usiochomwa. Mguu uliochomwa haujui tena moto ni upi, na watu wameunguzwa hivyo. Maumivu hupungua waziwazi. Njia hiyo hiyo hufaa kwa miiba ya tasi, ambaye Wakenya humwita tafi. Baada ya hapo hospitali: kutazamwa kama kuna kipande kimebaki, na chanjo ya pepopunda. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe njiani. Mtu akimbizwe ulivyo. Majani yaliyopondwa yasishindiliwe ndani ya tundu na kufungwa, maana yanaingia na mchanga, na tundu la mwiba ni jembamba na refu, linaziba juu huku usaha ukijaa chini. Anayetaka kukamua maji yake juu ya ngozi baada ya matibabu, simzuii.

Mabaharia wa zamani waliithamini kwa kiseyeye, yale maradhi ya fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini C. Hapo ilikuwa na maana, ila angalia kinyume chake: vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto. Maji mawili unayomwaga yanaondoka na chumvi na vitamini hiyo pamoja. Mboga pwani ya sufuriani ni mboga ya ladha na nyuzinyuzi. Kwa vitamini C kula embe au chungwa. Wengine huitumia kwa homa. Mwenye homa huku pwani apimwe malaria kwanza, na hilo halina mjadala.

Kuipanda ni rahisi mno. Kata mashina ya sentimita 10 hadi 15 yenye vifundo vitatu au vinne, toa majani ya chini, fukia vifundo viwili katika mchanganyiko wa mchanga sehemu mbili na mboji sehemu moja. Ndoo iliyotobolewa chini au beseni bovu linafaa. Iweke juani, kivulini hurefuka, hulegea na haitoi maua. Mwagilia maji ya bomba udongo wa juu ukikauka. Ndani ya wiki moja au mbili imeshika, na baada ya miezi miwili hivi unaanza kukata ncha, ambako kunaifanya itawi zaidi. Maji ya bahari haiyahitaji. Huyavumilia tu, na hukua bila hayo. Faida yake kwako ni kwamba iliyomwagiliwa maji ya bomba hujiwekea chumvi kidogo, hivyo mara nyingi maji mamoja hutosha. Onja kabla ya kumwaga ya pili, isije ikapooza.

Inapokufa, mara nyingi ni kwa udongo wa mfinyanzi uliotuamisha maji: shina hugeuka jeusi na laini kuanzia chini. Kata ncha nzima zilizobaki, uanze upya katika mchanga. Ukiona unga mweupe kwenye makwapa ya majani, hao ni wadudu waitwao vidung'ata. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, suuza kesho yake, na usichume kwa siku chache.